Seneta Mtondoo na Sheria ya Damu Nzito

Nchi ninayoisimulia haipakani na yetu, kwa hiyo msianze kukanyagana miguu chini ya meza. Iko mbali, na watu wake wana tabia ya kuchagua viongozi wao wenyewe kisha kushangaa viongozi hao wametoka wapi. Huko alikuwepo Seneta mmoja aitwaye Ladislaus Mtondoo, mtu mrefu, mwenye sauti ya tarumbeta na suti za kijivu, aliyeichukia serikali kwa moyo wake wote. Aliichukia miaka ishirini na minane mfululizo, na muda wote huo ni serikali iliyomlipa mshahara. Hilo halikumtikisa, maana alikuwa mtu wa misimamo.

Alianza akiwa diwani. Halmashauri ya mji wake ilitaka kuchora kivuko cha waenda kwa miguu, ile mistari myeupe, mbele ya soko. Mtondoo alisimama akapinga. Alisema mababu walivuka bila mistari, tena enzi hizo kulikuwa na nyati, na kwamba mtu huru anajua mwenyewe wakati wake wa kuvuka. Kivuko hakikuchorwa. Watu huru wakaanza kuvuka kwa wakati wao, na mwaka ule diwani alihudhuria mazishi kumi na moja ya waliogongwa sokoni pale, akahutubia yote, jina lake likajulikana wilaya nzima. Uchaguzi uliofuata akawa mbunge.

Bungeni alipinga ukaguzi wa maziwa, kwa sababu mnunuzi ana pua yake. Alipinga vyeti vya madaktari wa meno, kwa sababu mgonjwa ana mdomo wake. Alidai ukuta ujengwe kwenye mpaka wa kusini ili kuzuia wageni, na alipoambiwa kwamba kusini kote ni ziwa, alisema wasaliti hawakosi visingizio. Ukuta ukajengwa ziwani. Samaki waliokuwa upande wa pili walibaki huko huko, na jambo hilo likatangazwa kuwa mafanikio. Alipopanda kuwa Seneta alianzisha Wizara ya Kupunguza Wizara, iliyoanza na meza moja na karani mmoja. Hadi wakati wa habari hizi ilikuwa na watumishi elfu mbili na jengo la ghorofa tisa, na walikuwa wakiomba la pili.

Lakini msimamo alioupenda kupita yote ulikuwa familia. Alisema familia ndiyo serikali pekee iliyowekwa na Mungu. Yeye mwenyewe aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba kumi na vinne. Mkewe alikuwa amehamia kwa dada yake miaka mingi nyuma kwa sababu hotuba zilimuumiza kichwa, na watoto hawakujaliwa. Waandishi walipomuuliza kuhusu hilo, alijibu kwamba mtu anaweza kuisifu mvua bila kulowa.

Mwaka aliotaka kuwa Rais, ndipo alipoleta Sheria ya Damu Nzito.

*

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kwa hiyo makao yote ya wazee ya serikali yafungwe, na kila mzee akabidhiwe kwa jamaa yake wa karibu ndani ya siku kumi na nne, popote jamaa huyo alipo. Akiitetea, Seneta alipandwa na hisia. Alisema anaiona siku ambapo kila mtoto wa nchi hii atamwosha mzazi wake miguu, atamkata kucha, atampikia uji kwa mikono yake mwenyewe, na atasikiliza habari zake za zamani bila kumkatisha wala kutazama saa. Mwandishi wa kumbukumbu za Seneti, mtu makini lakini mzito wa kusikia, alidhani hayo ni marekebisho, akayaandika kama kifungu cha sita. Sheria ikapita kwa vigelegele, kifungu cha sita ndani yake.

Sasa serikali ilikuwa imetoka katika familia, na ilibidi atumwe mtu akahakikishe kwamba kweli imetoka. Wakaajiriwa Wakaguzi wa Upendo elfu sita. Kila mmoja alipewa kalamu, fomu na uwezo wa kuingia nyumba yoyote bila kubisha hodi.

Jambo moja tu Seneta alikuwa amelisahau. Mama yake aliishi katika moja ya makao hayo, yaitwayo Bondeni. Msimwelewe vibaya: hakusahau kwamba ana mama. Alimtaja katika kila hotuba. Alisahau tu alipomweka.

Mama huyo, Bi. Pelagia, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa karani wa posta kwa miaka thelathini na minne, na posta ilimwachia ugonjwa mmoja: kila karatasi aliisoma mpaka mwisho. Chumba alichangia na Bi. Mashavu, aliyekuwa mpishi wa shule, mwanamke mnene asiye na mtoto wala ndugu. Kwa miaka tisa wawili hao waligombana kila asubuhi kama dirisha lifunguliwe au lifungwe, na kila jioni walikunywa chai kutoka birika moja.

Tangazo lilipobandikwa, Bi. Pelagia alilisoma mara tatu. Hakukasirika. Alimwambia mwenzake kwamba Ladislaus tangu utotoni alipenda sentensi ndefu, kisha akaanza kukunja kanga zake, maana sheria ni sheria. Kilichomuuma kilikuwa fomu ya Mashavu. Mahali palipoandikwa "jamaa wa karibu", Mashavu alijaza "hakuna". Waliojaza "hakuna" walipelekwa stendi ya mabasi, ambako serikali ilikuwa imeweka benchi refu lenye maandishi: SUBIRI DAMU HAPA. Wataalamu walikuwa na hakika kwamba ndugu wangejitokeza, kwa kuwa stendi hupita watu wengi.

*

Jumanne saa nne asubuhi Seneta alikuwa katikati ya hotuba ya ukuta wa ziwani, milango ya Seneti ikafunguliwa, maofisa wawili wakaingia wakisukuma kiti cha magurudumu. Walimletea karatasi asaini kwamba amepokea mzee mmoja, mzima, na sanduku moja. Walisema sheria inasema popote alipo, na yupo hapa.

Seneta alisaini. Adabu hakuiacha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maliza kwanza kusema, nitasubiri."

Maseneta wote wakasimama kupiga makofi. Magazeti ya kesho yake yalimwonyesha akiwa ameinama juu ya kile kiti, na wananchi wakasema huyu ndiye kiongozi anayeishi anayoyahubiri. Msemaji wake, Bwana Yusto, kijibwana chembamba ambaye hakuwahi kukutana na balaa asilipe jina zuri, alimpongeza kwa mpango mkubwa. Seneta akaipokea pongezi ile, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haja ya kujua kwamba hapakuwa na mpango.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Kila Alhamisi alikuja Mkaguzi wa Upendo Daraja la Pili, jina lake Tegemea, mwanamke mpole mwenye viatu vya raba na macho yasiyopitwa na kitu. Kifungu cha sita kilitaka mikono ya jamaa mwenyewe, kwa hiyo watumishi walisimama ukutani wakitazama, na Seneta akapika. Wiki ya kwanza Tegemea aliandika: "Uji una mabonge. Upendo upo, unahitaji kukorogwa." Wiki ya pili alikagua kucha na kukuta kidole gumba cha mguu kina plasta. Bi. Pelagia alisema alijikwaa.

Lililomtesa Seneta kuliko uji lilikuwa kusikiliza. Bi. Pelagia alikuwa na habari nyingi, na kwa mazoea ya posta alizitoa kwa mpangilio wa tarehe. Alifika mwaka ambao Ladislaus, mtoto wa miaka sita, alianguka kutoka juu ya tangi la maji akavunjika paja. Alisimulia miezi minne ya hospitali ya serikali, na nesi Dorothea aliyemfundisha kusoma kwa vibao vya majina ya dawa. Akaja kwenye maziwa ya shule, yaliyompa mtoto mashavu. Akaja kwenye nyumba ya watumishi karibu na reli, na barua ya kumlipia masomo ya chuo, ambayo aliipiga muhuri mwenyewe kaunta ya posta, mkono wake ukilowana jasho la furaha.

Seneta alikuwa amewaambia wapigakura kwa miaka ishirini na minane kwamba hajapata kupewa na serikali hata sindano. Alifungua kinywa. Tegemea akainua kalamu. Seneta akafunga kinywa.

Kila siku, baada ya habari za zamani, mama aliuliza habari moja ya sasa: Mashavu amepata damu? Seneta alijibu kwamba soko huria la ndugu linahitaji muda. Siku moja Bi. Pelagia akaomba apelekwe stendi, na kwa kuwa fomu ilitaka mzee asindikizwe, Tegemea alimsukuma mpaka huko. Walimkuta Bi. Mashavu nyuma ya lile benchi akiwapikia wazee thelathini juu ya mafiga ya matofali. Alikuwa amekonda. Wale wawili wakabishana kidogo upepo unatoka upande gani, kisha Mashavu akaweka mwiko chini, wakashikana mikono, wakalia, mabasi yakiendelea kupiga honi.

Jioni ile Bi. Pelagia hakusimulia. Tegemea, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kilichosemwa, alikaa saa nzima na fomu tupu.

*

Wiki ya mwisho ya kampeni, Bwana Yusto alipanga mkutano katika uwanja wa taifa, na akataka mama aketi jukwaani, kwa kuwa mama mzee mwenye kitenge kipya ana thamani ya kura laki moja. Seneta alinguruma siku hiyo. Alisema serikali haimlei mtoto. Akaelekeza mkono kwa mama yake, akasema mwanamke huyu alinilea kwa mikono yake miwili, bila msaada wa yeyote isipokuwa Mungu.

Umati ukaanza kuimba kwamba mama aseme. Hilo halikuwa kwenye ratiba. Yusto alijaribu kupeleka kipaza sauti mahali pengine, lakini tayari mtu alikuwa amekishusha hadi kwenye kile kiti.

"Mwanangu ni mnyenyekevu, hapendi kutaja watu," alisema Bi. Pelagia. "Lakini aliyenisaidia lazima nimshukuru. Naishukuru hospitali iliyounga mguu wake huu anaosimamia. Namshukuru nesi Dorothea. Naishukuru shule kwa maziwa, na waliomlipia chuo. Mikono yangu ilikuwa miwili kweli, lakini wala haikuwa peke yake. Serikali, ahsante sana."

Seneta alijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Aliwaona watu elfu arubaini wakimtazama mguu.

Hapo ndipo Bwana Yusto alipoonyesha kwa nini analipwa. Alikinyakua kipaza sauti akauliza: ndugu wananchi, mmesikia ushahidi? Serikali ilimtibu mtoto huyu, ikamnywesha maziwa, ikamsomesha, na nini kilitokea? Akawa mwanasiasa. Mnataka na wenu wawe hivyo? Umati ukaguna kwa hofu. Akina mama waliwakumbatia watoto wao. Kisha ukalipuka uwanja mzima, na Mtondoo akabebwa juu juu kama jeneza la mtu mashuhuri. Siku ya kura alishinda mikoa yote, ukiwemo mmoja ambao alikuwa ameahidi kuufuta.

*

Rais hawezi kukoroga uji. Ana mabalozi. Kwa hiyo katika wiki yake ya kwanza Yusto aliandika marekebisho: jamaa wa mkuu wa nchi, wa kuzaliwa au wa kupangwa kisheria, watatunzwa na taifa katika jengo la Bondeni, ambalo lilifunguliwa upya, likapakwa rangi ya dhahabu na kuitwa Kasri la Damu. Bi. Pelagia alirudishwa chumba chake kile kile. Alipewa manesi watatu, na kitanda cha pili kilikuwa kitupu. Aliuliza kama Mashavu anaweza kukilalia. Akaambiwa kwa heshima kubwa kwamba Mashavu si damu.

Akaomba aletewe marekebisho yale ayasome. Aliyasoma mpaka mwisho, akarudi kwenye maneno "wa kupangwa kisheria", akayapigia mstari, akaomba asindikizwe mahakamani.

Msajili wa mahakama alikuwa mtu wa taratibu. Alimuuliza kama anaelewa kwamba mtoto anayetaka kumpanga, yaani kumfanya wake kisheria, ana miaka sabini na tisa. Bi. Pelagia alisema mtoto ni mzigo kwa umri wowote, yeye amezoea. Msajili alipekua vitabu vyake kutafuta kizuizi. Hakukuwa na hata kimoja. Mheshimiwa Mtondoo, alipokuwa mbunge, alikuwa amefuta masharti yote, kwa hoja kwamba serikali haina haki ya kumwambia mtu nani awe familia yake. Muhuri ukagongwa, na Bi. Mashavu akatoka pale akiwa dada mdogo wa Rais, kwa tarehe ya muhuri.

Mashavu hakuwa mtu wa kula peke yake. Kesho yake alirudi mahakamani akampanga Mzee Kitwana, dereva wa treni mstaafu wa miaka themanini na minne, aliyekuwa jirani yake benchini. Mzee Kitwana akapanga ajuza wawili, mapacha. Kila pacha akapanga watatu. Foleni ikatoka mahakamani, ikazunguka benki, ikafika stendi yenyewe, na baada ya wiki tatu benchi likabaki tupu.

Rais alizipata habari hizi Ikulu, wakati wa kupokea wageni. Mzee Kitwana alikuja kwa basi, akavua kofia, akainama kwa shida huku akishika kiuno.

"Shikamoo, mjomba," alisema.

Rais alikuwa anafikiria mambo ya samaki. "Marahaba," akajibu.

Mabalozi sita walisikia. Katika nchi hiyo, kama katika nchi nyingine ninazozifahamu, mtu akishaitikia marahaba ameshakubali undugu, na hakuna mahakama inayoweza kumwondolea.

Yusto alijaribu kuchora ukoo wote ili kujua mwisho wake. Alianza ukutani katika chumba cha baraza, akatoka koridoni, akashuka ngazi, na siku ya tatu alikutwa akichora kwenye karakana ya magari. Wazee wa nchi nzima walikuwa wamepangana, watu elfu nne na zaidi, na watoto wao wa kuzaliwa walikuwa wameingia pamoja nao. Mkuu wa majeshi aligundulika kuwa mjukuu wa Rais kupitia mama yake. Kiongozi wa upinzani, kwa upande wa baba, alikuwa kilembwe. Mtu huyo alikuwa ametayarisha hotuba kali ya saa mbili, akaichana kwa machozi, maana alilelewa vizuri na asingeweza kumsema babu yake hadharani.

Baraza lilikaa siku mbili. Kufuta kupangana kungemfanya Rais awe mtu wa kwanza kuwakana ndugu zake elfu nne, yeye aliyechaguliwa kwa ajili ya familia. Kufuta sheria yenyewe kungekuwa kukiri kosa, jambo ambalo katiba ya nchi hiyo haina kifungu chake. Basi makao yote ya wazee yakafunguliwa, kwa kuwa ndugu wa Rais hawawezi kulala stendi. Manesi wakaitwa kazini. Zahanati alizozifunga alipokuwa Seneta zikafunguliwa, kwa kuwa ndugu huugua. Shule zikarudishiwa maziwa, kwa kuwa ndugu wana wajukuu, na hata mbele ya lile soko pakachorwa mistari myeupe, baada ya shangazi mmoja wa taifa kuponea chupuchupu. Kila mlango uliwekwa kibao: HAPA SI SERIKALI. HAPA NI KWA NDUGU.

Rais akalihutubia taifa. Alitangaza kwamba ahadi yake imetimia: serikali imetoka, imebaki familia tu. Wachumi walithibitisha kwamba tangu nchi iumbwe haijawahi kuwa na serikali ndogo kiasi hicho wala manesi wengi kiasi hicho, na wananchi walifurahi, maana walipata kila walichokuwa nacho zamani.

*

Jumapili moja alasiri Rais alikwenda Bondeni peke yake, bila wapiga picha. Bi. Mashavu alikuwa amefungua dirisha, Bi. Pelagia alikuwa amejifunika blanketi kwa ajili ya kumsuta. Rais aliketi kwenye kigoda katikati ya vitanda viwili. Hapakuwa na mkaguzi. Walizungumza habari za mvua, na za mguu wake ambao siku hizi ulimuuma baridi ikiingia. Mwishowe akalisema lililomleta.

"Mama, siku ile uwanjani, ulitaka kuniangusha?"

Bi. Pelagia alimtazama kwa muda, kama mtu anayetafuta anwani kwenye bahasha iliyolowa.

"Mimi nilikuwa nashukuru, Ladislaus. Aliyesikia matusi ni wewe."

Rais aliinamisha kichwa, na hakutafuta sentensi ndefu. Hata hakuuona mkono wa mama yake ulipomgusa begani na kukaa hapo.

Mlango ukasukumwa, akaingia mzee mmoja mgeni aliyehamia asubuhi ile, macho yake yana ukungu, anapapasa ukuta kutafuta chumba chake. Alisimama alipohisi kuna mtu wa tatu. Alimuuliza Bi. Pelagia kijana huyu ni nani.

"Ni mwanangu wa kuzaa," alisema Bi. Pelagia, na sauti yake ilijaa fahari. "Anafanya kazi serikalini."

Bi. Mashavu aligeukia dirishani. Rais alifungua kinywa, akakifunga.

"Kazi nzuri hiyo," mzee akasema, akipapasa kurudi mlangoni. "Mwambie asiiache. Ina kiinua mgongo."